Dira moja, kaya sita: barua ya wazi kwa wanaopanga bei ya maji

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Maji,
Mkurugenzi Mkuu wa EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji,
na wajumbe wa bodi za mamlaka za majisafi na usafi wa mazingira nchini.

Waheshimiwa, salaam.

Mimi ni mpangaji. Naishi kwenye nyumba ya vyumba sita yenye bafu mbili, choo kimoja cha shimo na bomba moja uani. Mwenye nyumba anakaa mkoa mwingine, tunamwona msimu wa kodi. Kwa kuwa niliwahi kuwa karani wa stoo, wenzangu walinikabidhi daftari la bili ya maji miaka minane iliyopita, na tangu hapo sijawahi kulala vizuri mwisho wa mwezi. Mji wetu siutaji. Nyumba ya aina hii iko Mwanza, iko Tanga, iko Mbagala na iko Morogoro, na mwenye daftari kama langu hakosekani.

Naomba niwaeleze kwanza jinsi sisi wenyewe tunavyopanga bei, maana naamini hamjawahi kuelezwa.

Tulianza kwa kugawa bili kwa vyumba. Ilikuwa rahisi: bili ikija, gawanya kwa sita, kila mmoja atoe. Ikadumu miezi miwili. Kijana wa chumba cha nne, anayeishi peke yake na anayeoga kazini kwao, akagoma. Akauliza kwa nini alipe sawa na chumba cha pili chenye mama, baba na watoto watano. Hakuwa na kosa. Tukahamia kwenye vichwa. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba kichwa nacho kina mjadala. Mtoto anayenyonya tulimhesabu nusu kichwa, mama yake mwenyewe akacheka, akasema huyo ndiye anayemaliza maji kuliko wote, kwa nepi. Mama ntilie wa chumba cha sita tukamwongezea vichwa viwili kwa ajili ya masufuria, akakubali kwa sharti kwamba Jumapili asipopika tumpunguzie. Mwenye bodaboda tukampiga marufuku kuosha pikipiki uani. Wahenga wamesema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwetu siku ya tatu anaingizwa daftarini.

Kwa hiyo nikisema naelewa ugumu wa kupanga bei ya maji, msinicheke. Kikao chenu kina wahasibu na wanasheria. Changu kina ndoo zilizopinduliwa kuwa viti, na uamuzi wake unatekelezwa usiku huohuo.

Yote hayo tumeyamudu. Kitu kimoja kimetushinda, na hicho kiko mikononi mwenu: ngazi.

Miji mingi kwetu, na mingi ya nchi jirani, imekuwa ikitumia bei za ngazi. Uniti za mwanzo zinauzwa kwa bei ya chini, zinazofuata kwa bei ya juu zaidi, na za mwisho ndizo ghali kuliko zote. Nia yake ni njema, na hata anayeipinga hawezi kuikana: maji ya kunywa, kupikia na kuoga yawe ya bei nafuu kwa kila mtu, na anayemwagilia bustani au kujaza bwawa la kuogelea alipie ukubwa wake. Ukiisikia kwenye redio unasema hii ni haki tupu.

Shida ni kwamba ngazi inahesabu uniti zilizopita kwenye dira, yaani mita ya maji. Haijui nyuma ya dira kuna watu wangapi.

Nitatumia bei za mfano ili tusibishane kuhusu mji gani unatoza ngapi. Tuseme uniti 5 za kwanza ni shilingi 1,000 kila moja, kuanzia ya 6 mpaka ya 15 ni shilingi 1,400, na kuzidi hapo ni shilingi 1,800. Uniti moja ni lita 1,000. Sensa ya 2022 imetuambia kaya ya Tanzania ina wastani wa watu 4.3. Kila mmoja akitumia lita 40 kwa siku, yaani ndoo mbili za kuoga, kufua, kupika na kunywa kwa pamoja, kaya hiyo inamaliza kama uniti 5 kwa mwezi. Huo si ufujaji. Ukimpa mtu mzima lita 40 kwenye joto la Februari, atakuomba uongeze.

Sasa mtu mwenye nyumba yake, dira yake na kaya yake moja anayetumia uniti 5, analipa shilingi 5,000. Sisi kaya sita, kila moja ikitumia uniti zilezile 5, dira yetu inasoma 30. Uniti 5 za kwanza zinatoka kwa shilingi 5,000, 10 zinazofuata kwa 14,000, na 15 za mwisho kwa 27,000. Jumla ni shilingi 46,000. Kama kila chumba kingekuwa na dira yake, tungelipa 30,000 wote kwa pamoja. Ile 16,000 ya ziada, ambayo kwa mwaka inafika 192,000, ni adhabu ya kuchangia bomba.

Mchukueni na yule wa mtaa wa juu, mwenye geti na maua. Anatumia uniti 15, mara tatu ya kaya yoyote ya kwetu. Bili yake ni shilingi 19,000, ambayo ukiigawa inampa uniti moja kwa shilingi 1,267. Sisi tunaipata kwa shilingi 1,533. Na huyo bwana mara nyingi ana kisima alichochimba mwenyewe, hayo maua hayaguswi na maji ya mamlaka. Kwenye vitabu vyenu anaonekana mtumiaji wa kiasi, na sisi tunaonekana kama hoteli.

Nilipowaeleza wenzangu hesabu hii uani, mama ntilie aliuliza swali ambalo nalileta kwenu kama lilivyo: ngazi ya tatu analipa nani? Maana ukiangalia kwa jicho la dira, anayepandisha nyumba mpaka juu ni yule aliyechota mwisho. Je, mzigo ni wa chumba cha sita kwa sababu kilihamia mwisho? Tulikaa kimya, halafu tukagawa tu.

Na hata sisi tuna nafuu. Nyumba mbili kutoka kwetu hakuna bomba kabisa, wananunua kwa dumu. Dumu la lita 20 linaingia mara 50 kwenye uniti moja. Likiuzwa shilingi 50, uniti imefika 2,500. Likiuzwa 100, ni 5,000. Likija na mkokoteni wakati wa mgao, msinilazimishe kupiga hesabu. Wale hawana ngazi ya kwanza wala ya pili. Ile bei nafuu mliyoiweka kwa ajili ya maskini inaanzia kwenye dira, na dira inaanzia kwa mwenye hati ya nyumba. Mpangaji hawezi hata kuomba kuunganishiwa bila mwenye nyumba.

Hili halikuanzia kwenye maji, na huenda ndiyo maana tumelizoea. Kwenye umeme, watumiaji wadogo wasiozidi uniti 75 kwa mwezi wamekuwa wakiuziwa kwa shilingi 100 kabla ya makato. Nyumba ya vyumba sita yenye LUKU moja, yaani mita ya umeme wa kulipia kabla, inazipita 75 kabla hata mwezi haujafika katikati, basi inatolewa kwenye kundi la wadogo ingawa ndani yake wote ni wadogo. Mwaka 2021 kodi ya jengo ikaingizwa kwenye LUKU, shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, baadaye ikawa 1,500, na aliyeingiza tokeni akajikuta anamlipia mwenye nyumba kodi yake. Kila mara serikali inapotaka kumfikia mwananchi kupitia kifaa kilichobandikwa ukutani, inamfikia aliye karibu na ukuta.

Tena sasa zinakuja dira za maji za malipo ya kabla. Sizikatai, zitamaliza ugomvi wa bili ya kukadiria na wa msoma dira ambaye hakufika. Lakini zikija na ngazi zilezile, mwenye bahati atakuwa yule anayenunua tarehe moja. Anayenunua tarehe 25, wakati nyumba imeshapanda, atapata maji machache kwa pesa ileile, na atakuja kunigongea mimi.

Waheshimiwa, siombi maji ya bure. Nimeishi muda wa kutosha kukumbuka gati la kuchotea maji lenye bomba lisilotoa hata upepo. Mwaka 1971 nchi ilijiwekea mpango wa miaka 20 kwamba kila mwananchi wa kijijini apate maji ndani ya mita 400, kwa gharama za serikali. Mwaka 1991 ulipofika, pampu nyingi zilikuwa zimekufa kwa kukosa dizeli na vipuri, na sera ya maji ya mwaka huo ikafungua mlango wa watumiaji kuchangia. Sera ya 2002 ikaupanua. Mimi nimelikubali hilo. Pampu inakula umeme, dawa ya kutibu maji inanunuliwa, na fundi ana watoto. Ninachobishania ni mgawanyo, jambo ambalo huwa halipati nafasi. Dar es Salaam ilipomkabidhi mwekezaji maji yake mwaka 2003 na kumnyang'anya 2005, ikafuata kesi mpaka kwenye baraza la usuluhishi la Benki ya Dunia, taifa zima lilijadili nani aendeshe. Nani alipe ngapi, na kwa kipimo gani, lilibaki suala la majedwali.

Pengine mtasema hakuna namna ya kuhesabu watu nyuma ya dira. Ipo. Jimbo la Flanders kule Ubelgiji lilibadilisha bei zake mwaka 2016. Kila makazi yanapewa mita za ujazo 30 kwa mwaka kwa bei ya msingi, halafu kila mtu aliyeandikishwa kuishi pale anaongezewa nyingine 30. Kinachozidi hapo kinatozwa mara mbili. Jengo likiwa na makazi sita, yanahesabiwa sita. Mtasema Ubelgiji ina daftari la wakazi la miaka na miaka. Sawa. Lakini sisi tuna mwenyekiti wa serikali ya mtaa anayejua nani kahamia na nani kahama hata kabla mwenye nyumba hajajua, tuna namba za NIDA za vitambulisho vya taifa, na mwaka 2022 tulibandikiwa namba za nyumba kwenye milango kwa ajili ya anwani za makazi. Namba ile bado iko pale kwetu, imeanza kuchubuka, haijatumika kwa lolote ninalolijua.

Mfano wa upande mwingine uko karibu zaidi. Afrika Kusini tangu 2001 imekuwa na maji ya msingi ya bure, na Johannesburg ikaweka lita 6,000 kwa mwezi kwa kila kiwanja. Ukigawa kwa siku 30 ni lita 200, na kwa watu wanane ni lita 25 kila mmoja. Kumbe kwenye viwanja vya Soweto kuna nyumba kubwa mbele na vibanda vya wapangaji nyuma, wote kwenye dira moja. Wakazi watano wa Phiri, sehemu ya Soweto, walikwenda mahakamani kupinga kiwango hicho na dira za malipo ya kabla. Mahakama mbili za kwanza ziliwakubalia, lakini Mahakama ya Katiba Oktoba 2009 ikasema kiwango cha jiji si cha kulaumiwa, na dira za malipo ya kabla ni halali. Walishindwa kesi, lakini yale maelezo yao kuhusu kiwanja chenye watu wengi kuliko hesabu hayajawahi kunitoka, kwa sababu ni uani kwetu kabisa, kasoro lugha.

Ombi langu basi ni hili: pale dira inapohudumia kaya zaidi ya moja, ngazi ya chini izidishwe kwa idadi ya kaya. Kaya sita, uniti 30 kwa bei ya ngazi ya kwanza. Mwenyekiti wa mtaa athibitishe mara moja kwa mwaka. Mtaogopa udanganyifu, na utakuwepo. Kuna mwenye nyumba atakayewaandikisha mbuzi. Udanganyifu huo hautazidi maji yanayopotea njiani. Kiwango mlichokiweka wenyewe ni upotevu usiozidi asilimia 20, na taarifa zenu za kila mwaka zinaonyesha mamlaka nyingi hazijakifikia. Na kama kuhesabu kaya kunawatia hofu, wekeni bei moja ya kati kwa nyumba za kupanga, isiyopanda ngazi. Haitakuwa haki kamili, ila nitaisaini leo.

Kuhusu majitaka nina machache, ingawa ndiyo yanayonuka.

Aliyeunganishwa na bomba la majitaka anatozwa kwa kukadiria kutokana na maji aliyotumia, kwa kuwa hakuna dira inayowekwa chooni. Nairobi kwa miaka mingi ilikuwa ikiongeza asilimia 75 ya bili ya maji kwa wenye huduma hiyo. Utaratibu huo unaeleweka. Lakini mtandao wa majitaka uko wapi? Dar es Salaam uko katikati ya mji na mitaa michache ya zamani, na sehemu kubwa mno ya wakazi, kama sisi, inatumia mashimo. Mabomba yale na mabwawa yale yalijengwa kwa fedha za umma na mikopo ambayo nchi nzima inalipa. Aliye kwenye mtandao anavuta maji ya choo na kusahau. Sisi shimo likijaa, tunaita gari la kunyonya, tunachangishana kwa daftari lilelile, na dereva anatutoza kwa safari mpaka Vingunguti au popote bwawa lilipo. Nyumba ikiwa kwenye kichochoro ambako gari halifiki, wanaitwa vijana wanaoingia shimoni kwa mikono, wale wanaoitwa vyura. Na nyumba isiyoweza kulipa chochote inasubiri masika. Mvua kubwa ikianza usiku, mtu anatoboa shimo, uchafu unakwenda na maji ya mfereji. Kutapisha choo, kila mtu mtaani analijua hilo neno. Asubuhi watoto wanakanyaga.

Kwa hiyo anayelipia usafi kwa bei ndogo na ya kila mwezi ni yule aliye na bomba, na anayelipa kwa mkupuo mmoja mkubwa, bila bei elekezi, ni mwenye shimo. Durban walilitazama jambo hili. Manispaa yao, eThekwini, ilichukua jukumu la kunyonya vyoo vya shimo vya wakazi wake kwa mzunguko wa miaka mitano bila kuwatoza, ikihesabu kwamba shimo ni sehemu ya mfumo wa majitaka sawa na bomba. Sidai miaka mitano wala bure. Nadai shimo letu liingie kwenye hesabu ya bei. Tulipe kidogo kidogo kwenye bili ya maji, gari lije kwa zamu, na mwenye gari alipwe na mamlaka. Tungetoa hata shilingi 2,000 kwa chumba kwa mwezi bila kununa, kwa sababu tunachokwepa sasa hivi ni kile kilio cha ghafla cha laki na ushee wiki ambayo shule zinafunguliwa.

La mwisho ni mikutano ya taftishi. Sheria inawataka msikie wananchi kabla ya kupitisha bei mpya, na mnaifanya. Nimewahi kukaa kwenye mmoja. Karibu kila aliyesimama alijitambulisha kama mteja, akataja namba ya akaunti yake. Nilipofika zamu yangu nilisema mimi si mteja, mteja ni mwenye nyumba, mimi nakunywa tu. Watu wakacheka, nami nikacheka nao. Baadaye njiani nikafikiri kwamba kwenye jedwali lililokuwa mezani, lenye miaka mitatu ya bei na makundi ya majumbani, taasisi, biashara na viwanda, hakukuwa na mstari wa nyumba za kupanga. Uwekeni huo mstari kwenye jedwali lijalo, na mkutano mmoja muufanyie uani, jioni, watu wakiwa wamerudi kazini. Viti tutatafuta. Ndoo zipo.

Msoma dira alipita jana. Tumefika uniti 31, moja zaidi ya mwezi uliopita. Chumba cha tatu wamejifungua. Naenda kuanza kukusanya, nikianzia kwa kijana wa chumba cha nne kabla hajatoka.

Wenu mtiifu,
Mtunza daftari, nyumba ya vyumba sita